Kusubiri Mtoto Bila Kukata Tamaa: Hospitali, Sala na Kazi za Mikono



Ukurasa wetu wa afya huzungumza mara nyingi na wazazi, juu ya chanjo, lishe, kuhara na homa za watoto. Safari hii tunapenda kuzungumza na wale ambao hufikia ukurasa huu na kuufunga kimya kimya, kwa sababu nyumbani kwao hakuna mtoto wa kupelekwa kliniki. Tunazungumza pia na wakwe, mawifi, majirani na viongozi wa jumuiya, maana ulimi wao unaweza kumtibu mtu au kumvunja moyo kabisa.

Hapa kwetu Buha, toka Kasulu hadi Kibondo, mtu mzima huitwa kwa jina la mtoto wake. Mama mgeni akiingia katika jumuiya, swali la kwanza huwa, "Wewe ni mama nani?" Kwa mwenye watoto hiyo ni salamu tu. Kwa ambaye hajajaliwa, ni mwiba unaochoma palepale penye kidonda. Wapo akina mama walioacha kuja kwenye jumuiya, harusini, na hasa kwenye ubatizo wa watoto. Imani yao haijapoa. Wamechoka tu kulijibu swali hilo.

Sisi wauguzi tunawapokea wakiwa wamechelewa. Wengine wamekwisha kuuza mbuzi na maharage ya akiba ili kuwalipa waganga. Wengine wanakuja ndoa ikiwa imefika ukingoni, mume akishawishiwa na ndugu zake kuoa mke mwingine, au mke akirudishwa kwao kama chungu kilichopasuka. Kwa hiyo tunataka kusema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza: ugumba una sababu zake, na nyingi huchunguzika; basi mje mapema, tena mje wawili. La pili: wakati mnasubiri, maisha yasisimame. Mikono yenye kazi njema huusaidia moyo kubeba mzigo wake.

UGUMBA NI NINI?

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu wana tatizo la ugumba pale ambapo mume na mke wamekutana mara kwa mara kwa muda wa miezi 12 au zaidi, bila kuzuia mimba, na mimba haikupatikana. Mwaka 2023 Shirika hilo lilitangaza kwamba duniani kote mtu mzima 1 kati ya 6 hupatwa na hali hiyo wakati fulani wa maisha yake. Basi yule anayedhani yuko peke yake kijijini, na afahamu kuwa wenzake ni wengi, ila wote wamenyamaza.

Kwa wale wasio na tatizo lolote, zaidi ya wanandoa 80 katika kila 100 hupata mimba ndani ya mwaka wa kwanza. Maharusi wa miezi mitatu hawana haja ya kuogopa, na mama mkwe asianze kuhesabu miezi tangu siku ya harusi. Lakini mwanamke aliyetimiza miaka 35 asingoje mwaka mzima. Miezi 6 inatosha, kisha aende hospitali. Vilevile asingoje yule ambaye hedhi yake haina mpango, aliyewahi kuugua sana baada ya kujifungua au mimba kuharibika, aliyepasuliwa tumboni, au aliyewahi kupata ugonjwa wa zinaa, yeye au mumewe.

Wapo pia waliojaliwa mtoto mmoja, halafu miaka ikapita pasipo mwingine. Hao nao wanateseka, ingawa watu huwaambia washukuru tu kwa huyo mmoja. Nao wana haki ya kuchunguzwa.

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Mara nyingi anayefika hospitali ni mama peke yake. Baba yuko shambani, au ameshasema, "Mimi sina tatizo." Ukweli ni kwamba katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, mwanamume anahusika, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Nguvu za mwili na hamu ya tendo la ndoa si ushahidi kwamba mbegu zipo za kutosha. Hilo huonekana kwa darubini tu.

Kwa wanaume, sababu ni kama kisonono au klamidia isiyotibiwa vizuri, matumbwitumbwi yaliyoshuka kwenye korodani baada ya kubalehe, mishipa ya damu iliyovimba katika korodani, korodani ambazo hazikushuka tangu utotoni, pombe nyingi na tumbaku. Kwa wanawake, mara nyingi ni mirija ya uzazi iliyoziba, yai lisilopevuka kila mwezi, uvimbe katika mfuko wa uzazi, kifua kikuu kilichoingia kwenye viungo vya uzazi, au matatizo ya tezi. Uchunguzi mkubwa uliofanywa na Shirika la Afya Duniani katika nchi nyingi miaka ya 1980 ulionyesha kuwa katika Afrika maambukizo ndiyo yanayoharibu mirija ya akina mama kuliko katika sehemu nyingine za dunia. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya ugumba wa kwetu ungeweza kuzuiwa: kwa kutibu magonjwa ya zinaa mapema, mume na mke pamoja na kumaliza dozi, kwa kujifungulia mahali penye mikono safi, na kwa kuepa utoaji mimba, ambao ni dhambi na pia ni hatari kwa mwili. Wazazi nao wakague watoto wao wa kiume. Kama korodani moja haijashuka mtoto anapotimiza miezi 6, apelekwe kwa daktari.

Mkija wawili, mtaulizwa maswali mengi, tena ya ndani. Msione haya. Mtapimwa damu na mkojo, pamoja na VVU na kaswende. Baba atapimwa mbegu; kipimo hiki ni rahisi kuliko vya mama, nacho kifanywe mapema. Kama namna ya kupata sampuli inawasumbua katika dhamiri, mwambieni daktari na ongeeni na padre. Ipo njia inayoheshimu tendo la ndoa. Mama anaweza kupimwa kwa altrasaundi, na ikibidi kupelekwa kwenye hospitali kubwa ya rufaa, kama vile Bugando kule Mwanza, ili mirija yake ipigwe picha kwa dawa maalum. Andikeni majibu yote katika daftari moja na mlitunze. Tumewaona wengi wakianza upya katika kila hospitali kwa sababu karatasi zilipotea.

MAMBO YA KUEPUKA

Usinywe wala usijiwekee ukeni mitishamba ya "chango la uzazi". Dawa za kuweka ukeni huleta michubuko na maambukizo, na huweza kuziba kile kilichokuwa wazi. Usikubali "kusafishwa kizazi" mara kwa mara na mtu asiyekupima. Kukwangua kizazi pasipo sababu huacha makovu. Usinunue dukani vidonge vya kupevusha mayai kwa sababu vilimsaidia jirani. Kama mirija imeziba, au kama mume hana mbegu, vidonge hivyo havitasaidia kitu, na vinaweza kuleta madhara.

Zaidi ya yote, usimkubali mtu anayekuonyesha ndugu yako na kusema kwamba yeye ndiye aliyekufunga tumbo. Atachukua pesa yako, na atakuachia ukoo wenye chuki hata kwa wajukuu.

SHANGA 32 ZA KUHESABU SIKU

Sasa tuingie kwenye kazi za mikono, na tuanze na ile inayoungana moja kwa moja na jambo letu.

Yai la mwanamke huishi kwa muda usiozidi siku moja baada ya kutoka. Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili wa mwanamke. Kwa hiyo siku za kupata mimba katika mwezi ni chache, na wanandoa wengi hawazijui. Zamani, enzi za ukoloni, vijana wengi wa Buha waliondoka kwenda kukata mkonge mashambani Tanga, wakakaa mbali na wake zao muda mrefu. Hata leo wapo akina baba wanaokwenda kulima tumbaku au kuchimba dhahabu mbali na nyumbani. Mume akija nyumbani siku tatu kwa miezi miwili, msiseme mke ni mgumba. Hesabuni kwanza siku mlizokuwa pamoja.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Georgetown, chuo cha Wayesuiti huko Marekani, walibuni kamba ya shanga 32 ya kufuatilia siku hizo. Wengi huitumia kupanga uzazi kwa njia ya asili, lakini wanaotafuta mtoto nao wanaweza kuitumia. Inafaa kwa mwanamke ambaye tangu siku ya kwanza ya hedhi moja hadi siku ya kuamkia hedhi inayofuata hupita siku 26 hadi 32. Mnaweza kuitengeneza nyumbani jioni moja.

Chukueni uzi imara wa katani au wa kushonea viatu. Tungeni shanga 1 nyekundu, kisha 6 nyeusi, kisha 12 nyeupe, kisha 13 nyeusi. Jumla ni 32. Baada ya shanga ya 26 pigeni fundo dogo. Fungeni ncha mbili pamoja iwe duara. Kateni kipete chembamba cha mpira kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli, kiwe cha kubana shanga moja.

Siku ya kwanza ya hedhi vikeni kipete kwenye shanga nyekundu. Kila asubuhi kisogezeni shanga moja mbele. Kikiwa kwenye shanga nyeupe, hizo ndizo siku za kukutana, kila siku au siku moja ndani siku moja nje. Katika siku hizo mama huweza pia kuona ute mwepesi, unaoteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi la kuku. Ni dalili kwamba yai liko karibu kutoka. Dalili hii ndiyo msingi wa njia ya Billings, iliyoanzishwa na madaktari wawili wa Australia, mume na mke, John na Evelyn Billings, kuanzia miaka ya 1950. Hedhi ikija tena, rudisheni kipete kwenye nyekundu. Kama hedhi inaanza kabla kipete hakijavuka lile fundo, au kama kimemaliza duara zima na hedhi haijaja, njooni kliniki: ama mzunguko hauendani na kamba hii, ama pengine ni mimba na inafaa kupimwa.

Mume ndiye asogeze kipete. Tunasema hivyo kwa makusudi. Ile dakika moja ya asubuhi inamwambia mke kwamba habebi jambo hili peke yake.

Tahadhari moja. Kama mnatumia mbegu za porini badala ya shanga za sokoni, msiguse zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi. Zinapendeza sana machoni lakini zina sumu kali. Mtoto akitafuna moja anaweza kufa. Vilevile mbegu za mbarika, yaani nyonyo.

KWA NINI KAZI ZA MIKONO?

Tuseme wazi. Kufuma vitambaa hakufungui mirija iliyoziba, na kusuka kikapu hakuongezi mbegu. Atakayewaambia hivyo anawadanganya. Lakini sisi tunaowaona akina mama hawa mwaka hadi mwaka tunajua ni nini kinachowamaliza. Ni zile saa za alasiri ambapo nyumba iko kimya. Ni ile wiki moja kabla ya hedhi, ambapo moyo unapanda juu kama kishada, kisha siku moja unaanguka chini. Mtu akiwa na kazi mikononi, inayoonekana ikikua mstari kwa mstari, akili hupumzika kidogo. Jioni anaweza kusema, "Leo nimemaliza kitu." Mtu anayeshindwa kila mwezi kwa jambo asiloliweza anahitaji jambo jingine ambalo analiweza.

Maandiko Matakatifu yanatukumbusha juu ya Tabita wa Yafa, katika Matendo ya Mitume, sura ya 9. Hatuambiwi kama alikuwa na watoto. Tunaambiwa kwamba alipofariki, wajane walisimama wakilia na kuonyesha nguo alizowashonea. Hakukosa wa kumlilia.

Watu wa huku wana ufundi wao. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, mavuno ya maharage yakishaingia ndani, nyasi hukatwa, zikaanikwa na kusukwa. Jirani zetu wa Ngara wametuonyesha kwamba ufundi huo una thamani. Kampuni ya WomenCraft, yenye makao yake huko, imefanya kazi na wasusi wa Kitanzania pamoja na akina mama wakimbizi kutoka Burundi, wakiwamo wale waliokaa kambi ya Mtendeli kabla kambi hiyo haijafungwa mwaka 2021. Vikapu vyao vimeuzwa nje ya nchi. Katika duara la wasusi, mwenye watoto 8 na asiye na mtoto huketi kwenye mkeka mmoja, na kinachoangaliwa ni kama mshono umenyooka. Pesa kidogo ya kikapu nayo humsaidia mke kulipa nauli ya hospitali bila kumwomba mtu.

Neno moja kwa wanaofuma: kama kufuma soksi za mtoto kunakutoa machozi, acha. Fuma kitambaa cha kochi, au cha altare ya kigango. Wengine hupata nguvu kwa kutayarisha nguo za mtoto, wengine huumia. Hakuna sheria.

KAZI ZA DARASANI

Shule zetu za chekechea za parokia zina watoto wengi na vifaa vichache. Hapa ndipo mikono ya asiye na mtoto inaweza kuwa baraka ya watoto wengi. Zipo kazi tatu zisizo na gharama.

Ya kwanza ni vihesabio. Kusanyeni vizibo vya soda, muvioshe, na muvigonge kwa jiwe mpaka kingo zake zilale zisikate vidole. Wekeni kumi kumi katika vifuko vidogo vilivyoshonwa kwa vitambaa vya fundi cherehani. Mtoto anayeshika kizibo anaelewa jumlisha na toa upesi kuliko anayetazama ubao. Msiwape watoto wa chini ya miaka 3, maana huweka kila kitu mdomoni.

Ya pili ni kadi za herufi. Kateni maboksi makuukuu katika vipande sawasawa, na muandike herufi moja kwa kila kipande kwa mkaa uliosagwa na kuchanganywa na uji mzito wa muhogo. Upande wa pili bandikeni picha iliyochorwa au kukatwa gazetini: "k" na kuku, "m" na muhogo.

Ya tatu ni kadi za Noeli na Pasaka za maganda makavu ya migomba. Maganda yana rangi nyingi, toka nyeupe ya maziwa hadi kahawia iliyoiva. Watoto hukata nyota, pango, msalaba au jogoo, na kuvibandika juu ya karatasi. Watoto wa Utoto Mtakatifu wanaweza kuwapelekea wagonjwa wodini.

Mama au baba asiye na mtoto asiingie darasani kwa siri kama mtu anayeiba, wala asigeuzwe kuwa yaya wa bure. Mwalimu mkuu amkaribishe, ampe siku yake, kwa mfano Jumatano saa 3, na watoto wafundishwe kumwita mwalimu. Jina hilo nalo ni jina. Na kama yupo mzazi anayenong'ona kwamba mwenye kukosa mtoto ana jicho baya kwa watoto wa wenzake, viongozi wa jumuiya wamwonye. Huo ni ushirikina, na umewaumiza wengi wasio na hatia.

MISHUMAA YA NTA, NA NENO KWA AKINA BABA

Akina baba huumia kimya. Mke hulia mbele ya shoga zake. Mume huenda kilabuni. Tunawaomba akina baba watafute mikono yao mahali pengine kuliko kwenye glasi. Yuko anayeweza kurekebisha madawati ya chekechea. Yuko anayeweza kuwafundisha vijana kutengeneza magari ya waya. Na katika nchi yetu hii ya miombo, Kibondo hasa, wako warina asali ambao huiacha nta ipotee.

Nta hiyo ni mishumaa. Ichemsheni kwanza katika maji, muichuje kwa kitambaa, na muiache igande juu. Kisha muiyeyushe ndani ya kopo lililowekwa katika sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, maana nta huwaka kama mafuta ya taa. Chovyeni uzi wa pamba, muutoe, muuache upoe, muuchovye tena, mara 20 au 30, mpaka unene. Mume na mke wakifanya kazi hii pamoja, mmoja akichovya na mmoja akining'iniza, wataweza kuipelekea parokia mishumaa yao tarehe 2 Februari, siku ya Kutolewa kwa Bwana Hekaluni. Siku hiyo tunawakumbuka wazee wawili, Simeoni na mjane Ana, walioupokea mtoto ambaye hawakumzaa, na wakafurahi.

KANISA LINAFUNDISHA NINI?

Wengine wanasema ndoa bila mtoto si ndoa. Kanisa halisemi hivyo. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1084, zinaeleza wazi kwamba ugumba hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Na kwa sheria ya nchi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mwanamume aliyefunga ndoa ya mke mmoja haruhusiwi kuoa mwingine wakati ndoa hiyo ingalipo. Basi wakwe wanaotafuta msichana wa "kumsaidia" mke wanamvuta mtoto wao avunje sheria mbili kwa wakati mmoja.

Juu ya matibabu, Kanisa linabariki kila tiba inayosaidia tendo la ndoa lizae matunda: dawa, upasuaji, njia za asili. Halikubali mtoto atungwe maabara, nje ya tendo hilo. Mafundisho haya yalitolewa katika hati Donum Vitae ya mwaka 1987. Lakini mtoto aliyekwisha kuzaliwa kwa njia hiyo ni mtoto kamili wa Mungu, na asinyoshewe kidole na mtu yeyote.

KAMA MTOTO HAKUJA

Tungekuwa waongo tukisema kila anayesubiri atapata. Wapo ambao daktari atawaambia kwamba njia imefungwa. Siku hiyo msiwahimize kusali zaidi kana kwamba sala zao zilipungua. Kaeni nao. Pikeni chai. Waacheni walie, maana huo ni msiba usio na kaburi.

Kama usingizi umepotea kwa muda wa wiki mbili, chakula hakipiti, au mawazo ya kufa yanamjia mtu, mleteni hospitali upesi. Huo ni ugonjwa, na una tiba.

Baadaye, kwa wakati wao, wanaweza kufikiria malezi. Wahenga wamesema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa kuasili mtoto na wa malezi ya kambo. Pa kuanzia ni ofisi ya Ustawi wa Jamii katika halmashauri yenu, na kuasili hukamilishwa mahakamani. Msichukue mtoto kienyeji kutoka kwa msichana mwenye shida, hata mkiwa na nia njema. Mkilea mtoto wa ndugu, kubalianeni mapema na wazazi wake, mbele ya wazee. Na msimchukue mtoto kama dawa ya kuleta mimba, kama watu wanavyoamini. Mtoto si dawa. Apendwe kwa ajili yake mwenyewe.

OMBI LETU KWA JUMUIYA

Mwezi huu, katika jumuiya ndogo ndogo na katika mikutano ya WAWATA, tunaomba mfanye mambo matatu. Mgeni akija, muulizeni jina lake la ubatizo, mumwite hilo. Siku ya kusuka au kufuma, mkaribisheni yule ambaye hajafika kwa muda mrefu, na asiulizwe kwa nini. Na mkisikia mama anapelekwa kwa mganga, mshaurini mumewe waje hospitali wawili, na daftari lao, na ikiwezekana na kamba yao ya shanga 32.

Siku za kliniki mtatukuta. Njooni tu, hata kama mmeshachelewa.

Mungu awabariki na kuwapa moyo wa subira.